Siku ya Ishirini na Nne

Uzi mwekundu nilifunga chini ya ua la kwanza,
wa samawati juu yake, kesho yake,
hata shina zima la simsim likawa kalenda
iliyosimama kwenye udongo wa Serere.

Kisha kila siku ya tatu nikaja na kisu na barafu.
Nikachuma, nikapasua vitumba, nikasaga mbegu changa
katika kinu kidogo cha kaure,
baridi hadi vidole havikuwa vyangu,
maana kimeng'enya ukikipasha joto hukunjuka,
huwa kama ufunguo uliokanyagwa na gari moshi.

Siku ya tisa: sukari tu, majimaji,
mgeni aliyefika na mizigo asiyejua pa kuitua.
Siku ya kumi na tano kazi imepamba moto.
Huyu anakata sukari vipande, yule anavipokea,
mwingine anaunga kaboni mbili, mbili tena, mbili tena,
mpaka mnyororo wa mafuta ukajikunja kuwa tone.
Hakuna nyapara, hakuna kengele,
na karakana yote haifiki ukubwa wa chawa.

Nilihesabu. Mstari ulipanda
kwenye karatasi ya Dokta Ilukol.

Siku ya ishirini na nne umeme ulikatika.
Jenereta ilikohoa, ikanyamaza; dizeli, walisema,
iko njiani kutoka Soroti.
Asubuhi sampuli zilikuwa uji vuguvugu,
nami nikaandika kistari mahali pa namba.

Kevina Agoe, anayetupalilia kwa kibarua,
aliuliza mbona nimenuna. Nikamweleza.
Akacheka hata akaegemea jembe.
"Siku ya uzi wa manjano? Nilitafuna kimoja.
Usinisemee kwa dokta.
Utamu ulikuwa umeshaaga,
mafuta yalikuwa hayajabisha hodi.
Ladha ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi."

Mate yake, nikawaza, nayo yana vimeng'enya:
mdomoni mwake wafanyakazi walikutana na wafanyakazi,
na ulimi ukasoma
kitu ambacho mashine yangu haikuwahi.

Siku ya thelathini na tisa namba zinaanguka.
Si kifo. Mbegu inayafukuza maji yake yenyewe,
inazima taa chumba kwa chumba,
inawaacha wachache tu wameketi gizani, zana magotini,
wakingoja mvua ya msimu mwingine.

Kitumba cha chini kikapasuka ncha;
kwa Agoe hiyo tu ndiyo ripoti.
Tukakata mashina, tukayafunga, tukayasimamisha yakauke,
nyuzi zangu zingali zinaning'inia,
na kila upepo ulipopita alinikemea:
"Tandika turubai! Unamwaga pesa!"

Kwenye grafu pengo liko palepale.
Dokta alitaka nilipitishie rula,
mstari unyooke, wageni wasiulize.
Sikuunga. Pembeni, kwa penseli, nimeandika
maziwa.