Masjala

Nilipoajiriwa, aliyesimama dirishani aliitwa ndugu.
Mageuzi ya kwanza yakamwita mwananchi,
ya pili yakamwita mteja
na kumtundikia ukutani mkataba wenye fremu:
atahudumiwa kwa dakika kumi na tano.
Benchi ni lile lile. Msumari wake ule ule
umechana sketi na suruali za vizazi vitatu.

Mtaalamu alikuja na saa ya kuhesabia dakika.
Alitupima tukisimama, tukiketi, tukipiga miayo,
akaandika kwamba tumezidi.
Kumi na mmoja wakapunguzwa,
Chilongola akiwemo, aliyejua faili kwa harufu ya jalada,
akaondoka na kiinua mgongo kisichoinua hata goti.
Zamani tulisema: faili halionekani.
Sasa tunasema: mtandao uko chini.
Anayeambiwa huondoka vile vile,
bahasha kwapani, akihesabu nauli.

Nami si malaika. Chai ya dirishani nimeinywa,
ya maziwa na ya rangi,
nikamsomeshea Tumpale mpaka kidato cha nne.

Jumanne iliyopita, masanduku ya kuhamia Dodoma
yakiwa yamefika dari,
akaja kijana, Tangeni Shikongo,
Kiswahili chake cha kukopa
amekishika kwa mikono miwili kama sahani ya moto.
Mama yake alizaliwa huku
wakati kwao hewani kulikuwa na risasi.
Kwao nako wana mageuzi:
hakuna karatasi, hakuna pensheni.

Alikuwa amezungushwa siku tisa.
Kutoka Samora hadi Lumumba ni robo saa kwa miguu;
kutoka dirisha la pili hadi la saba
ni wiki moja na ushee.
Bara zima tumelibandika kwenye vibao vya mitaa,
kisha mjukuu wake akipita
tunamwuliza kibali.

Kokuteta wa dirisha la saba akamwambia,
bila ubaya, macho kwenye kioo cha kompyuta:
Mfumo haumtambui mama yako.

Mfumo.
Nikashuka chini.

Sanduku la kumi na saba, chini ya risiti za magodoro,
faili la kijani, pembe moja imeliwa na mchwa.
Folio ya nne, kalamu ya wino, mistari mitatu:

Mtoto wa kike, kilo tatu.
Wazazi ni wageni wetu. Aandikwe kama wa kwetu.
Ada isidaiwe.

Sahihi haisomeki. Cheo hakuna.
Nilikaa sakafuni kati ya masanduku
nikajikuta najiuliza, kama mtaalamu,
ilimchukua dakika ngapi.

Muhuri wetu una maneno mawili, Uhuru na Umoja,
na mpira wake umelika upande mmoja.
Ukigonga kwa uvivu
karatasi hutoka na Uhuru peke yake.
Sharti ulale na mkono, upande ule wa Umoja,
ugandamize.
Niligandamiza mpaka meza ikalia
na Kokuteta akageuka kuniangalia.

Tangeni hakusema mengi.
Aliisoma nakala akisogeza midomo,
alipofika kwenye kilo tatu akacheka,
pengine kwa jinsi alivyomjua yeye mama yake.
Akagusa mfuko wa shati. Nikatikisa kichwa;
nilikuwa nimeshaisoma folio ya nne,
na mwezi huu Tumpale anajilipia mwenyewe.

Mlangoni akauliza njia ya Gerezani, alikopanga chumba.
Shika Samora, nikamwambia, nenda mpaka Mnara wa Saa.
Samora inapokwisha ndipo Nkrumah inapoanza.
Hapo katikati wamechimba tangu mwaka jana,
hawajafukia.
Angalia unapokanyaga.