Mafuta ya Karafuu

Ukiagiza sanduku moja, nauli inakula faida.
Ukiagiza arobaini, nauli inalala,
wewe hulali.
Shemeji Mwinyimkuu alinipigia hesabu ya kwanza
nyuma ya risiti ya luku. Ya pili hakuiandika.
Nikauza kiwanja cha Chanika.

Samaki elfu sita na mia nne kutoka Jakarta:
gapi, neoni, malaika wenye mapezi kama kanga iliyoanikwa,
na wa dhahabu, wengi wa dhahabu,
maana hata mtoto wa chekechea hununua.
Walipakiwa bila kulishwa
wasije wakachafua maji yao njiani.
Mtu hufunga kwa nia. Wao walifungishwa.

Ndege ikakwama Doha saa kumi na moja.
Mimi nipo Kipawa, ghala la mizigo,
faili nimelikumbatia kama kichanga.
Kijana wa dirishani akasoma cheti cha afya,
kidole kikifuata mstari:
Dada, muhuri umekalia tarehe, haisomeki.
Nikamwambia, wanaishiwa pumzi.
Akaniandika kitabuni, Sikudhani binti Pazi,
akatabasamu kwa hilo jina,
akasema bosi kaenda kula.
Sijui alikula nini. Alikula saa mbili.

Tabata, sebuleni, tulizima taa;
mwanga wa ghafla huwashtua, wakafa.
Tukafungua kwa tochi ya simu.
Mfuko wa kwanza, hai. Wa pili, hai.
Wa tatu, maji meupe kama ya kuoshea mchele.
Nikaacha kuhesabu mifuko, nikahesabu mabakuli.

Muuzaji anataka picha ndani ya saa mbili,
maiti kumi kumi, mstari ulionyooka.
Hulipa nusu ya bei. Nauli halipi.
Tunu ndiye aliyepanga. Ana miaka tisa.
Aliwalaza wote kwa ubavu wa kulia.
Sikumuuliza kajifunza wapi.

Waliobaki walikula siku nne, wakanawiri,
hoteli ya Masaki ikatuma kianzio.
Siku ya tano malaika mmoja akajikuna kwenye jiwe.
Madoa meupe, kama chumvi juu ya buibui.
Wahenga walisema samaki mmoja akioza.
Wahenga hawakununua kwa jumla.
Huyu hakuoza, alikuwa anang'aa,
na ndoo ileile, wavu uleule,
mkono wangu huuhuu
ulitoka tangi hili kwenda lile, ukigawa.

Usiku umeme ukakatika.
Pampu kumi na nne zikanyamaza pamoja.
Ni ukimya ambao una uzito, unaubeba kwa mabega.

Asubuhi Mwinyimkuu akaja na gari.
Tuwamwage Msimbazi, alisema, mto haukatai kitu.
Ni kweli haukatai. Ndiyo maana nilikataa mimi.
Wakipona kule watazaana,
watakula mayai ya wenyeji wao,
na masika itawatembeza jirani kwa jirani,
ugonjwa wao mgongoni,
bila muhuri wa mtu.

Bibi alikuwa akinitia karafuu kwenye jino.
Ganzi kidogo, halafu usingizi.
Nikatikisa mafuta kwenye chupa ya maji,
nikamimina ndoo baada ya ndoo.
Waliinama upande mmoja, taratibu,
kama watu wanaosikiliza.
Nyumba nzima ikanukia pilau.
Bi Mwanahawa akachungulia juu ya ukuta:
Jirani, leo kuna shughuli?
Ipo, nikamjibu.

Jakarta wamepiga mara tatu. Sanduku sitini, bei imeshuka.
Simu nimeilaza kifudifudi.

Kuna mmoja wa dhahabu kwenye beseni, chumba cha uani.
Ana kijiko chake, kitambaa chake,
na Tunu hunawa kabla na baada ya kumtazama.
Siku thelathini, nimemwambia, ndipo tumpe jina.
Leo ni ya kumi na moja.