Jibu Lilinijia Nzega

Nilipiga simu: nakuja, nimeleta mbuzi.
Shemeji Luhende akaja stendi ya Nyegezi na kamba.
Nikafungua kanga nikamwonyesha:
kibao, miguu ya kukunja, ulimi wa chuma wenye meno.
Alicheka mpaka akakalia ngazi ya basi.
"Huyu," akasema, "hata majani hali."
Tukamfunga nyuma ya pikipiki. Kamba ikapata kazi.

Dada Mwanatumu ana miaka kumi na tisa huku
na nazi bado anaikwangua kwa kijiko.
Nazi yenyewe hufika kwa lori, bei ya kifaranga.

Mimi ni wa Pangani. Pwani naijua.
Pwani ni pale ukilamba mdomo unajua ulipo.
Basi asubuhi, Igombe, nikavua viatu:
mchanga, mchanga kweli,
wimbi, wimbi kweli,
ng'ambo haionekani.
Nikachota kiganja nikanywa.
Si kitu. Maji ya mtungini.
Kulwa na Doto wakaniangalia
kama mtu aliyelamba ukuta.
"Mama mdogo, ulitaka yawe na nini?"
Na shemeji kutoka juu: usikae sana humo, kuna kichocho.

Kwetu jiwe hulala chini.
Huku mawe yamepandana
kama masufuria yaliyooshwa baada ya shughuli
na wenyewe hawakurudi kuyachukua.
Kati yake watu wamechomeka nyumba,
ukuta mmoja wa tofali, mmoja wa Mungu.
Shuka zimeanikwa juu ya jabali,
na pimbi katikati ya shuka
ananitazama kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Siku ya pili dada alinituma chumvi.
(Maji yote haya, na chumvi hununuliwa kwa robo.)
Duka la Jayanti, mtaa wa Rufiji:
shada la manjano juu ya picha ya marehemu babake,
magunia ya choroko, moshi wa udi,
adhana nyuma ya ukuta,
mama wa Kihaya kibarazani na beseni la senene.
Mzee akainua kichwa kwenye mizani:
"Mwadila, mayu. Mhola?"

Mimi, na ngozi yangu hii,
mdomo wazi.

Nyuma yangu mwanamke mwenye tenga la dagaa
akajibu badala yangu. Wakaendelea,
wakataja kijiji, wakataja ng'ombe wa mtu,
wakacheka,
mimi katikati kama nguzo ya duka.
Kisha mzee akanigeukia kwa Kiswahili laini,
kile wanachowekewa wageni:
"Karibu. Umetoka mbali?"

Amezaliwa Magu, baba yake akinunua pamba.
Mkunga alikuwa Msukuma.
"Neno la kwanza kuingia sikio hili," akasema,
akaligusa, "lilikuwa lake."
Akapima robo. Akaongeza kidogo.

Usiku ule sato alilala kwenye tui zito.
Bibi Mbuke, mama mkwe, akaonja, akaweka kijiko.
"Samaki amekosa nini hata atiwe sukari?"
Dada hakujibu. Alimsogezea ugali tu.
Alfajiri nikamkuta bibi jikoni peke yake
anakomba sufuria kwa kidole,
amekalia mbuzi.

Sasa basi limeipita Shinyanga.
Kwetu ukitoka baharini ukakauka
hubaki unga mweupe mkononi, ushahidi.
Nimekagua mikono yote miwili.
Ziwa halikuandika kitu.

Nzega tukasimama. Mtoto muuza karanga
akainua beseni dirishani.
Hakuwa amesema neno.
"Mhola," nikamwambia. "Mhola duhu."

Akafikiri kidogo,
akaniuliza kama nataka na mayai.