Tepe

Mimi sikati kitambaa kwa macho.
Mwaka wa ishirini na moja huu nashona hapa Micheweni,
mabibi harusi nimewapimia, sanda nimekata,
na sijapata kumwambia mtu:
nimeshakuona, nenda zako.

Ila punda nilimkata kwa macho.

Kijipunda chenyewe, Tarishi,
kimo cha meza yangu ya kupigia pasi,
kanunuliwa Kiuyu kwa bei ya cherehani mbovu.
Mbavu zahesabika, tumbo ngoma,
anajikuna mkia kwenye ukuta wa mawe
hata ukuta ukaota nywele.
"Minyoo hiyo," akasema Shaame, mume wangu,
"na chupa ya ng'ombe wa Mzee Khatib ipo nusu."

Karatasi ya maelezo hatukuisoma.
Karatasi ilikwishafungiwa njugu.
"Kiasi gani?" akauliza,
nami, tepe shingoni,
nikamtazama punda kutoka mlangoni
nikasema kikombe cha kahawa.
Kisha nikaongeza, kwa huruma wallahi,
na nusu.

Usiku Tarishi alisimama paji la uso ukutani.
Udenda ulimshuka hadi magotini,
mdomo wa chini umelegea kama upindo uliofumuka.
Nilipitisha taa mbele ya macho yake,
macho yasiifuate.
Akiinua mguu, mguu unaiuliza ardhi:
uko hapo?

Alfajiri Shaame akapanda bodaboda hadi Konde,
akarudi na Bi Mkasi wa mifugo,
buti za mpira, begi la skuli la mwanawe.
Hakutugombeza. Ingekuwa heri.
Aliuliza tu, "Ana kilo ngapi?"
Shaame akanitazama mimi.
Mimi nikatazama kuku.

"Nipe hiyo," akanyoosha mkono.
Nilidhani ataka maji.
Akaizungusha kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele,
akangoja punda atoe pumzi, ndipo akasoma.
Akapima na urefu, bega hadi tako,
akapiga hesabu kiganjani kwa peni.
"Tisini na mbili.
Nanyi mmempa dawa ya fahali."

Dawa ya kuifuta dawa hakutupa.
Alitupa kivuli, maji, majani mabichi, subira.
Siku tatu nilimlisha Tarishi mkononi,
kazi za watu zimelala, suruali hazina miguu.
Siku ya nne akageuka kuifuata ndoo.
Jicho la kushoto bado linachelewa,
au mimi ndiye ninayelitazama mno.

"Na kidogo nako ni kubaya," Bi Mkasi alisema akivua buti.
"Minyoo huionja, ikaizoea,
kesho ukimwaga chupa nzima inakucheka.
Wala usimpe kwa kuwa mwezi umeandama.
Niletee mavi kwanza."
Basi nikatia mavi katika kopo la siagi,
mabichi, ya asubuhi ile, yangali na moto.
Shaame akayachukua kwa baskeli mpaka kwenye hadubini ya Wete.
Mlinzi wa mlangoni akafungua kifuniko
akidhani halua.

Katika daftari langu la wateja,
baina ya gauni la Time binti Kombo
na sare za watoto wa Faki,
yupo: Tarishi, kifua tisini na nane.
Chini yake kilo, jina la dawa, tarehe,
na kiasi, kwa bomba la sindano lisilo sindano.
Chupa ya ng'ombe imerudi kwa wenyewe.
Nimejua sasa, huruma nayo ina sentimita.

Jana kaja mtu wa Shumba na punda jike,
anafuta jasho, gari la kokoto linamngoja barabarani.
"Fundi, kadiria tu kwa macho, nina haraka."
Nikaivua tepe shingoni.
Simama hapo, nikasema. Haya, toa pumzi.
Akatoa.

Si wewe.