Kibao cha Penseli

Mjomba Vlastimil alikata vibao vyake
kutoka makopo ya mtindi, kwa mkasi wa jikoni,
akaandika kwa wino. Jua la Tišnov si kali,
lakini halina haraka; miaka ishirini
limelamba majina yote.
Nimerithi vyungu mia tatu na kumi na moja vya dungusi
na vibao vyeupe kama ulimi wa mgonjwa.

Mimi fundi wa meno bandia. Mwiba nautazama
kama nitazamavyo gego: kwa ubavuni.
Nikaleta lenzi yangu ya kazini,
nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikaanza kuuliza.

Wewe una mbavu, au una chuchu tu?
Mwiba wako wa kati ni ndoana?
(Umenasa sweta yangu. Basi ndiyo.)
Nikikuchoma sindano, utatoa maziwa
au maji?
Mamilaria huyo. Na huyo. Na huyo pia,
ukoo usiokwisha,
kama akina Novák katika daftari la simu.

Ua ndilo lisemalo kweli, ila ua hungojewa.
Tangu Oktoba sikuwapa hata tone.
Jirani, Bi Hedvika, alichungulia kiooni:
"Unawaua kwa kiu!"
Siwaui. Hawa ukiwadekeza wakati wa baridi
hunenepa, wakasahau kuchanua.
Niliacha kipimajoto kishuke hadi nyuzi tano,
theluji ikakaa juu ya paa wiki sita,
nao chini yake wamenywea, wamekunjamana
kama vidole vilivyokaa sana majini.

Aprili, maji ya kwanza. Kwa kijiko.
Mei, kelele.

Rebutia walitoa maua ubavuni, karibu na udongo,
mekundu, makubwa kuliko wenyewe:
kichanga aliyevishwa kofia ya baba.
Mamilaria, pete ya waridi kuzunguka utosi.
Gimnokalisiamu, tumba lake uchi,
halina unywele wala mwiba,
magamba tu, kama ya dagaa.
Parodia, tumba limeviringishwa sufi
kama mtoto anayekatazwa mafua.
Nikaandika. Kwa penseli safari hii;
penseli jua haliiwezi.
Mia mbili na tisini. Mia tatu. Mia tatu na kumi.

Kikabaki kimoja.
Chungu kilichopasuka, kimefungwa waya.
Mmea sawa na kifundo cha kidole gumba.
Mbavu kumi na tatu mwezi wa Mei;
nikahesabu tena Juni, kumi na nne.
Miiba imelala kama nywele zilizochanwa kwa mate.
Ua lilifunguka saa nane mchana, likajifunga saa kumi,
na rangi yake, sina neno:
chungwa lililokuwa likifikiria zambarau.
Nilifungua vitabu vinne.
Kimoja kilidai koo jekundu; hili, la kijani.
Kingine, harufu ya limau. Nikanusa:
vumbi, na kwa mbali kidogo, pasi ya moto.
Bi Hedvika akanusa naye. "Shule," akasema.
"Chaki iliyolowa."

Ndipo nikachokoa udongo, nibadilishe chungu,
na kibao kikachomoza toka chini,
kimezama gizani miaka yote hiyo
ambako jua halikufika. Wino bado mweusi.
Mwandiko wa mjomba,
aliyesahihisha maprofesa kwa barua,
aliyekataa keki ya arusi yangu
kwa kuwa waridi mwitu la sukari
lilikuwa na petali sita:

"Sijui. 1974."

Nilicheka hadi miwani ikapata ukungu.
Kisha nikachonga penseli kwa kisu cha plasta,
nikaandika chini yake
"Wala mimi," na mwaka,
nikakichomeka tena, maandishi chini,
nikatia maji: kijiko kimoja
na nusu.