Dhima, Tarehe Thelathini Juni

Saa nne za usiku, ghorofa ya pili, Igogo.
Chini, mashine za barafu zinakohoa.
Harufu ya sangara ilipanda ngazi kabla yetu,
imekaa kwenye mafaili, kwenye mkoba wangu,
kwenye kikombe cha chai.
Mkaguzi Rwehumbiza amevua viatu.
"Tuanze na madeni," anasema,
kama mtoto anayekula kwanza asichokipenda.

Hatifungani tuliziuza miaka mitatu iliyopita,
mia kwa mia, enzi ambazo wanunuzi wa mabondo
walipigana vikumbo getini.
Leo sokoni zinakwenda themanini na tatu.
Samaki wamehamia mbali, mashine mbili kati ya tano
zimefunikwa maturubai,
na kila aliyeshika karatasi yetu anajiuliza
kama tutaifikia siku ya malipo.

Kanuni haiulizi unadaiwa kiasi gani.
Inauliza: leo hii, bila kusukumwa na mtu,
ungemlipa mwingine shilingi ngapi
alibebe deni lako kama lilivyo,
na sifa yako mbaya juu yake?

Themanini na tatu.
Zinabaki kumi na saba. Naziandika upande wa kuongezeka.
"Si kwenye faida ya kawaida," Rwehumbiza ananyoosha kidole,
"hizo zipeleke chumba cha uani."
Nazipeleka.

Wahenga walituachia dawa moja tu ya deni.
Sisi tumepata ya pili: kutoaminika.
Tukizidi kuyumba tutadaiwa themanini, sabini, hamsini,
na siku tutakayozama kabisa
karatasi hii itatupongeza.
Namwambia. Hacheki. Anatia tiki.

Nami nina dhima yangu, haimo vitabuni.
Mwaka ule nyavu za baba zilipochomwa moto
Nyanzobe wa Mwaloni aliuza magunia tisa ya dagaa
kabla bei haijapanda,
akaifungua ada yangu kutoka pindo la khanga,
noti zimelowa jasho, zinanuka ziwa.
Hakuandika popote.
Miaka kumi na minne.

Niipimeje?
Soko lake halipo.
Linalofanana nalo silijui.
Nabaki kukisia mwenyewe: magunia tisa kwa bei ya leo,
mgongo wake, mvua ya asubuhi ile,
halafu riba —
riba ya nini?
Na nimlipe nani alibebe?
Mdogo wangu Lugembe angeomba pikipiki,
kesho yake ampite Nyanzobe bila kumsalimia.

Ipo aya moja niliyozoea kuiruka:
deni ambalo mdai aweza kuliitisha saa yoyote
halipimwi chini ya kiasi chake.
Hata ukiyumba. Hata soko likutemee mate.
Nimeisoma mara mbili.
Rwehumbiza anadhani nimesinzia.

Jumamosi nilishuka Mwaloni.
Makorongo yalisimama juu ya mabati
kama madalali waliokosa mteja.
Nyanzobe alikuwa akipepeta, mchanga huku, dagaa huku.
"Umekuja kununua au kusalimia?"
Bahasha ilikuwa mkobani. Nilikuwa nimeihesabu mara tatu.
Nikasema, "Kununua. Sado moja."
Sijui kwa nini.

Akaijaza, akaishindilia, akaijaza tena mpaka ikawa kilima.
Akanitazama usoni, kwa muda,
kisha akaongeza kiganja kimoja.
"Hiki hakina bei."

Nikapanda njia ya Kirumba, mfuko mkononi,
bahasha ileile, nzima,
nikipiga hesabu.
Tarehe ya kupimia: leo.
Deni limepanda.