Chumvi Ukutani

Nyumba mpya Kisauni, rangi haijakauka,
Pazia ziko begani, nami moyo waniruka,
Benki wauliza: “Lini mkaguzi atafika?
Hatutoi hata peni, cheti kisipopatika.”

Akaja Bi Mwanatumu, na tochi, ngazi, makeke,
Chai kwake ni haramu, mjini ni peke yake,
Kagonga kuta kwa zamu, asikiza lugha zake,
Ghafula, kama wazimu, akalamba! Je, nicheke?

“Chumvi,” alisema, “mwana, mchanga ni wa ufuo,
Haukuoshwa, naona, vyuma vitaliwa nao,
Rangi hii itanuna, masika ndipo kilio,
Sitoi sahihi, bwana, hata kwa pesa na vyeo.”

Mjenzi Randu kacheka: “Dhamana nitawapeni” —
Kwa mdomo, ya miaka kumi, hata ishirini.
Kalamu ilipofika, kuna tanga Kaloleni;
Pikipiki ikawaka, na mimi nipo vumbini.

Usiku, chumba cha kodi, nikalamba kuta zangu:
Hazina chumvi. Baridi. Vumbi tu, na jasho langu.